Kuchonga na Kuchapa Picha ya Nungunungu kwa Kipande cha Mti

Panapokatwa na burini, yaani chuma chembamba chenye ncha cha kuchongea, hutoka peupe kwenye karatasi. Pasipoguswa hutoka peusi. Kwa hiyo unachonga mwanga, si mistari. Nungunungu, mnyama wa usiku, anaifaa sana kazi hii: mkato huanza mwembamba, hunenepa ukikandamiza, huisha kwa ncha. Hilo ndilo umbo la mwiba wake.

Tafuta kipande cha Buxus (mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana) au mpea kilichokatwa kukingamisha gogo, miviringo ya umri ikionekana usoni. Mti wa aina hiyo ndio aliouchonga Thomas Bewick (1753–1828) wa Newcastle, Uingereza, kwa zana za wachongaji wa metali. Ubao wa kawaida, uliopasuliwa kufuata nyuzi, huchanika mkato ukikata kona. Sentimita 7 kwa 10 zinatosha. Piga msasa namba 400, kisha 600, mpaka uteleze, maana hata mkwaruzo mdogo huchapika. Upake wino mweusi kwa kitambaa, safu nyembamba tu, ili kila mkato uonekane. Mchoro uhamishe kinyume: anayetazama kulia kwenye mti atatazama kushoto kwenye karatasi.

Weka kipande juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Mkono wenye burini utulie. Mkono mwingine ndio uzungushe mti. Burini ilale karibu na uso: ukiinua mpini, ncha huzama na huweza kuvunjika, ukiushusha mno, huteleza na kuacha mkwaruzo. Kingo zikitoka na vinyweleo, chuma ni butu, kinoe.

Anza na miiba ya mbele. Ya nyuma iishie kabla ya kuigusa, kwani mkato haufutiki. Ili kupata mabaka meusi ya mwiba, inua burini, ruka milimita 3, endelea. Kichwani piga mikato mifupi michache. Jicho liache jeusi lenye nukta moja. Wengi huharibu hapa kwa kuchonga kupita kiasi, mnyama akageuka kijivu. Chapa nakala ya majaribio mapema.

Tandaza wino wa mafuta kwenye kioo kwa rola ngumu. Ukisikia mlio mzito wa kunatanata, umezidi, nao utaziba mikato midogo. Pitisha rola juu ya mti, safu tatu nyembamba badala ya moja nene. Laza karatasi nyembamba, laini ya Kijapani, funika kwa karatasi ya kuokea, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni. Inua kona moja utazame. Weusi ukiwa na madoadoa, irudishe na usugue tena. Yakibaki, nakala ijayo iongezee wino kidogo.

Ukimaliza, futa kwa mafuta ya kula na kitambaa kikavu. Maji usitumie kabisa, wala usianike juani: uso huvimba, na mti hupasuka.