Namna ya Kupima Mwenendo wa Uandikishaji wa Watoto wa Familia Zilizohamia

Anayetaka kujua iwapo watoto wa familia zilizohamia wanaongezeka katika shule ya msingi ya umma huko Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, hana budi kuamua kwanza ni nani atakayehesabiwa kuwa mhamiaji. Nchini Marekani, mzazi anayeandikisha mtoto huulizwa kama mtoto huyo ana asili ya Kihispania au ya Amerika ya Kilatini, na kwa miaka mingi swali hilo limetenganishwa na lile la rangi; ndiyo maana shule za huko zinaweza kulifuatilia kundi hilo mwaka hadi mwaka. Huku kwetu kukisia asili ya mtoto kwa jina lake ni kubahatisha tu. Katika makazi ya Ulyankulu, wilayani Kaliua, kwa mfano, wapo watoto wengi wenye majina ya Kirundi ambao wazazi wao walizaliwa hapo hapo, katika familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na nyingi zikapewa uraia wa Tanzania baadaye. Kuwaita hao wageni ni kosa la hesabu na ni kosa la adabu pia. Kigezo salama ni safari yenyewe: mtoto aliyepokelewa kwa barua ya uhamisho, au ambaye wazazi wake wamehamia kijijini ndani ya miaka mitano, jambo ambalo mwenyekiti wa kitongoji anaweza kulithibitisha.

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, pitia daftari la uandikishaji pamoja na nakala za fomu za TSM (Takwimu za Shule za Msingi) za miaka isiyopungua sita. Daftari la mahudhurio lisaidie kuhakiki tu, kwa sababu mtoro hubaki ameandikishwa.

Tarehe ya kuhesabu ndiyo yenye mtego mkubwa katika nchi ya tumbaku. Vibarua, wengi wao kutoka Kigoma, hufika kwa ajili ya kilimo na baadhi yao huondoka baada ya mauzo, wakiondoka na watoto. Kwa hiyo hesabu ya Machi ikilinganishwa na ya Septemba ya mwaka mwingine itaonyesha anguko ambalo halikutokea. Chagua mwezi mmoja na uushike miaka yote.

Andika idadi na asilimia kwa pamoja. Tuseme wahamiaji walikuwa 160 kati ya wanafunzi 800, yaani asilimia 20, na baada ya miaka mitano wakawa 176 kati ya 1,100, yaani asilimia 16. Wameongezeka kwa vichwa, lakini sehemu yao imepungua, na anayetoa nusu ya habari hii anapotosha.

Kabla ya kutaja sababu, angalia mabadiliko yasiyohusiana na uhamiaji. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya kwanza yalifurika, hivyo mwaka huo haufai kuwa mwanzo wa ulinganisho. Vilevile, shule shikizi, yaani shule ndogo iliyo chini ya shule mama, ikifunguliwa jirani huchukua watoto wa vitongoji vya mbali, ambako mara nyingi ndiko wahamiaji wanakopata ardhi. Katika hali hiyo, jumlisha takwimu za shule zote mbili.

Jedwali likikamilika, lipelekwe kwa mwalimu mkuu kabla ya kikao cha kamati ya shule kinachojadili madawati na mikondo ya mwaka ujao, na lisiwe na jina la mtoto yeyote.