Kitabu cha kufuma cha mwaka 1938 bado kina kazi, ila jua namna ya kukitumia

Ukimwambia mtu umenunua kitabu cha kufuma sweta atakucheka, atakuuliza kwani YouTube imefungwa? Sawa, video naziangalia na mimi, tena sana, lakini video inakuonyesha mkono wa mtu unavyoenda, haikwambii kwa nini unaenda hivyo, na siku kazi yako ikiharibika katikati hujui hata utafute neno gani.

Mimi nilifundishwa na bibi. Sindano zenyewe zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe, na kwa miaka mingi masweta yangu yalikuwa yanaenda upande, vitanzi vimekazana vimejisokota, nikajua labda uzi ni feki. Baadaye nikapata Mary Thomas's Knitting Book, kimetoka Uingereza 1938, hiki changu ni cha chapa ya Dover, kampuni ya vitabu ya Marekani, ya 1972 yenye jalada laini, na humo ndani nikakuta shida yangu imechorwa kabisa.

Iko hivi. Kila kitanzi kikikaa kwenye sindano kina miguu miwili, mmoja mbele ya sindano mwingine nyuma. Mary Thomas anaeleza kuna ufumaji wa Kimagharibi na wa Kimashariki, tofauti ni uzi unazungushwa upande gani, kwa hiyo mguu unaotangulia unaweza kuwa mbele au nyuma. Bibi alikuwa akifuma mshono wa nyuma (purl kwa Kiingereza) anapitisha uzi kwa chini, ni rahisi na ni haraka, ila mstari unaofuata mguu unaotangulia unakuwa nyuma, na mimi nilikuwa nachoma wa mbele tu kama nilivyoona kwenye video, ndo maana vinajisokota! Dawa yake: usijali mbele wala nyuma, tafuta mguu ulio karibu na ncha ya sindano ya kushoto, chomeka hapo. Basi. Bibi hakuwa amekosea, na wa kwenye video naye hakukosea, mimi ndo nilikuwa nachanganya mitindo miwili bila kujua.

Sasa kukitumia. Usikisome kama riwaya, utalala ukurasa wa kumi. Nenda nacho na shida mkononi. Mfano pindo la soksi ya mtoto linabana hadi mguu haupiti, fungua sehemu ya kuanzisha vitanzi, utakuta njia kibao, kila moja na ugumu au ulaini wake. Chukua uzi uliobaki, anzisha vitanzi 20 kwa kila njia, fuma mistari kama 10, funga, kisha vuta kwa mikono miwili uone ipi inarudi na ipi inabaki imelegea. Vile vipande usitupe, vitungie karatasi yenye jina la njia, weka kwenye bahasha. Mimi bahasha yangu naifungua kuliko hata kitabu chenyewe siku hizi.

Namba za sindano ndo zinawaangusha wengi. Kitabu kinatumia namba za zamani za Kiingereza na zenyewe zinaenda kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 14 ni milimita 2. Zinafuata vipimo vya waya, ndo maana spoki ya kawaida ya geji 14 nayo ni milimita 2, yaani bibi alikuwa anafumia namba 14 bila kuambiwa na mtu haha. Za Marekani ni kinyume chake, 8 yao ni milimita 5, kwa hiyo ukiona namba tupu angalia kwanza kitabu kimetoka wapi. Kwa penseli andika milimita pembeni, yaishe.

Vipimo ni vya inchi na uzito ni aunsi, aunsi moja ni kama gramu 28. Lakini usinunue uzi kwa uzito peke yake. Kitabu hiki ni cha enzi za sufu, na huku sokoni uzi mwingi ni akriliki, mwepesi, gramu zilezile zinakupa urefu tofauti. Na pale kinapokwambia ulowanishe au upige pasi ili umbo likae, akriliki usiiguse na pasi ya moto, inalala moja kwa moja na hairudi tena.

Halafu kile kipande cha kupimia, unachofuma kabla ya nguo yenyewe kuona mkono wako unatoa vitanzi vingapi kwa inchi, jamani, tunakiruka wote halafu tunalia. Tuseme maelezo yanataka vitanzi 7 kwa inchi na kifua cha inchi 24, hapo unaanzisha 168. Mkono wako ukiwa mlegevu ukatoa 6 kwa inchi, vitanzi vilevile 168 vinakupa inchi 28, mtoto anavaa gunia. Fuma kipande cha kama inchi 5 hivi, pima inchi 4 za katikati kwa tepu ya fundi cherehani, pembeni usipime kunadanganya, gawa kwa 4. Ikizidi au ikipungua badilisha sindano, mkono uache kama ulivyo.

Kwenye kupunguza vitanzi kumbuka kuna upande. Ukifuma viwili pamoja kwa kawaida kinalalia kulia, ukihamisha kimoja, ukafuma kinachofuata, ukakirusha kile cha kwanza juu yake, kinalalia kushoto. Weka kimoja kila upande wa shingo uone inavyopendeza. Na kama unafuma mtindo wa bibi yangu, geuza kwanza vitanzi vikae Kimagharibi, yaani mguu unaotangulia uwe mbele, ndo upunguze.

Ramani za maua, ile michoro ya miraba ambayo kila mraba ni kitanzi, ukikutana nazo, mahali popote, soma kutoka chini kwenda juu, mstari wa upande wa mbele unaanzia kulia kama msahafu, ukigeuza kazi unasoma kutoka kushoto.

Mitindo ya nguo ya enzi hizo mimi naiacha. Na ukipata nakala ya zamani usiilaze wazi chini ya kikombe cha chai, gundi ya mgongo inakatika. Kurasa unazozitumia sana zitoe kopi, kaa na hiyo kopi kwenye mfuko wa uzi.