Somo: Mtambue mdudu anayefyonza kabla hujanunua dawa

Kila wiki kundini kwetu inakuja picha ya jani lililojikunja na swali "nipige dawa gani?" Jani hukunjwa na vidukari, thripsi, hata utitiri. Mtafute mdudu mwenyewe.

1. Geuza jani. Wengi hukaa chini yake.

2. Lipapase. Likinata au likiwa na ukungu mweusi kama masizi, ni vidukari, nzi weupe, vidung'ata (wadudu wenye nta nyeupe kama pamba) au wadudu magamba laini. Thripsi na utitiri hawanatishi jani.

3. Tikisa tawi. Wakiruka kama unga uliopeperushwa, ni nzi weupe. Waliobaki kwenye chipukizi, wenye vijibomba viwili nyuma, ni vidukari.

4. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vinavyotembea ni utitiri. Wembamba kama kipande cha uzi ni thripsi.

5. Ukiona weupe wa pamba, SUBIRI. Hapa ndipo nilipowahi kukosea. Watoto wa wale mbawakawa wadogo wa mviringo wanaokula vidung'ata nao huvaa nta nyeupe. Mguse kwa kijiti: kidung'ata hung'ang'ania au hujikokota, mdomo wake umezama kwenye mmea. Mlaji hukimbia, ni mkubwa zaidi, na nyuzi zake ndefu zimetimka ovyo. Ukipuliza sumu, huyu hufa, na vidung'ata waliojificha chini ya nta huzaana bila adui.

Swali: Papai langu lina weupe. Dawa?

Jibu: Weupe uko wapi, jani au tunda? Hatua ya 5 umeifanya? Ifanye, kisha urudi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Chipukizi za mikorosho zina madoa meusi marefu na zinakauka, lakini hazinati na mdudu simwoni.

Jibu: Marahaba. Umechunguza vizuri. Mshuku mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza mmea, si mbu wa kuuma watu. Mate yake ndiyo yanayoua chipukizi, kwa hiyo wachache tu hutia hasara kubwa. Pita alfajiri au jioni, umtazame mgongoni: ana kijiti kilichosimama chenye kichwa, mfano wa pini.

Swali: Majimoto, wale sisimizi wanaounganisha majani kuwa viota, wamejaa kwenye mikorosho hiyohiyo. Niwachome?

Jibu: Hapana! Hao humfukuza mbu huyo wa mikorosho, na mdudu aitwaye mbu wa minazi pia.

Mwanachama: Nyongeza: funga kamba mti hadi mti ili majimoto wavuke. Ila usiunganishe makundi mawili tofauti, watauana.

Jibu: Kweli kabisa. Na kamba isiguse ardhi, sisimizi wengine watapanda.