SOMO: Masikio yanauma ukizama? Soma hapa kwanza ndipo uulize

Wiki hii peke yake nimejibu swali moja mara sita, na wawili kati ya waulizaji ni watu wa Mtwara mjini ambao tunaonana kila Jumapili. Naliandika mara moja. Atakayeniuliza tena "yananiuma nikifika mita tatu, nifanyeje" nitamtupia hili bila salamu.

Ni la wanaozama kwa pumzi yao, bila mtungi. Wa mitungi wana walimu wao. Na nyie wazamiaji wa kuzamia meli, mmepotea njia.

1. Chagua siku ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Mkondo wa Msimbati siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, haukuulizi umefundishwa na nani.

2. Usizame peke yako. Mmoja chini, mmoja juu anatazama. Hakuna mjadala.

3. Boya juu, kamba, jiwe chini. Mita 10 zinakutosha.

4. Pumua kawaida dakika mbili, tulia. Usiheme kama uliyekimbizwa na mbwa. Kuhema kule hakukuongezei oksijeni ya maana, kunapunguza kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayokupa hamu ya kupumua. Umezima kengele mwenyewe. Utazimika bila taarifa, mara nyingi wakati unapanda na umebakiza mita chache.

5. Masikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba cha hewa, na mlango wake ni kijibomba chembamba kinachotokea nyuma ya pua. Maji yanaisukuma ngoma kuelekea ndani. Kazi yako ni kupeleka hewa upande wa ndani ili nguvu zilingane. Bana pua, sukuma hewa taratibu, usikie "tk" pande zote mbili. Anza ukiwa bado juu kabla hujapinduka, kisha rudia kila mita, au hata kabla ya mita. Usisubiri maumivu. Ukishasubiri, kijibomba kimebanwa na hakifunguki hata upulize macho yatoke.

Mimi nilisubiri. Ilikuwa Ruvula, tunashindana na mwenzangu kama watoto. Mita ya sita sikio la kulia likakaza. Nikaliona jiwe pale chini, nikasema bado kidogo tu, nikapuliza kwa nguvu zote. Nikasikia kama mtu amechana kanga ndani ya kichwa, na maumivu yakakatika palepale. Nikafurahi, nikadhani limefunguka! Kisha maji ya baridi yakaingia ndani na bahari yote ikaanza kuzunguka, sijui juu ni wapi wala chini ni wapi. Niliikumbatia kamba hadi kizunguzungu kikapungua, nikapanda nayo mkono kwa mkono. Wiki nane sikugusa bahari, na kila nikioga naziba sikio kwa pamba yenye mafuta ya mgando kama daktari alivyoniagiza.

Kwa hiyo:
Likikataa, panda mita moja ujaribu tena. Likikataa mara ya pili, geuka. Siku yako imeisha.
Una mafua, baki nchi kavu. Usimeze dawa ya kuzibua pua ndiyo uzame. Nguvu yake ikiisha ukiwa chini, hewa inakosa pa kutokea wakati wa kupanda.
Usizame na vizibo wala pamba masikioni.
Miwani ya kuogelea isiyofunika pua ni ya kwenye bwawa. Huwezi kuipulizia hewa, itayafyonza macho yako yavilie damu.

6. Ukifika juu, vuta pumzi tatu nzito kabla hujaanza kusimulia. Pumzika mara mbili ya muda uliokaa chini, au zaidi.

MASWALI

Chuma wa Chikongola: Mkuu, nataka nipige mita 20 wikendi hii. Nina mafua kidogo lakini si sana.
Jibu: Rudi juu usome.

Chuma wa Chikongola: Nimesoma. Ndiyo nauliza, mafua kidogo?
Jibu: Kijibomba hakijui kidogo wala sana.

Mjukuu wa Naliendele: Babu yangu amezamia pweza miaka arobaini bila haya mambo yenu ya kubana pua. Mnatisha watu.
Jibu: Shikamoo yake. Leo jioni kaa nyuma yake, mwite kwa sauti ya kawaida, usipayuke. Akigeuka, njoo tuendelee.
Mjukuu wa Naliendele: 😂 Basi yaishe.

Binti Mikindani: Samahani kaka, mbona mita za mwanzo ndizo ngumu? Na kwangu la kulia hufunguka, la kushoto linagoma.
Jibu: Dada yangu, hili ndilo swali. Juu ya maji una mgandamizo mmoja, mita 10 una miwili, mita 20 mitatu. Hewa iliyojaa ndoo moja juu inakuwa nusu ndoo kwenye mita 10, na theluthi kwenye 20. Kumi za kwanza zimekula nusu nzima, kumi za pili zimekula sehemu ya sita tu. Kwa hiyo juu ndiko unakotakiwa kusawazisha mara nyingi. Na la kushoto lisikutishe, vijibomba havilingani. Inamisha kichwa upande wa kulia ili la kushoto litazame juu, kisha sukuma. Nyumbani fanya hivi mbele ya kioo: bana pua, ziba koo kama unayetaka kutamka "ka", halafu tumia ulimi kama pistoni, usitumie kifua. Ukiona pua inatuna kidogo na tumbo limetulia, umepata.

Mangi wa Tandahimba: Nimeuza korosho, hela ipo. Ninunue yale mapezi marefu ya kaboni ya kuvaa miguuni?
Jibu: Nunua miwani kwanza. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, uachie. Ikibaki imeganda, ni yako. Ikianguka, hata iwe ya bei gani, muachie mwenye duka. Na hizo sharubu kwenye picha yako zitapitisha maji.
Mangi wa Tandahimba: Sharubu hazinyolewi. Na ukungu kwenye kioo?
Jibu: Miwani mpya isugue ndani kwa dawa ya meno kama una uhakika kioo ni kioo kweli, si plastiki. Baada ya hapo ni mate kila siku. Yako, si ya jirani.

Fundi Boya: Naruhusiwa kuja na bunduki ya mshale Msimbati?
Jibu: Ile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Iache nyumbani.

Binti Mikindani: Kaka, la kushoto limefunguka! Jana usiku, niko jikoni nabangua korosho.
Jibu: Jumapili saa moja asubuhi. Njoo na miwani, kamba ninayo.