Somo: Kuotesha vipandikizi vya pilipili manga kwa ute wa alovera

Wapendwa, wiki hii niliingia kwenye kitalu cha jirani hapa Muheza, nikakuta viriba vimejaa vijiti vikavu vya pilipili manga. Alikuwa amevilowesha katika kila maji ya majani aliyosikia yanasaidia. Lakini kabla ya kupanda alinyofoa majani yote. Iliniuma, maana dawa ya mizizi alikuwa nayo mkononi akaitupa.

Homoni inayoamsha mizizi inaitwa oksini. Mmea huitengeneza wenyewe kwenye ncha na majani machanga, kisha huishusha kupitia shina. Ukikata shina, oksini hukwama na kujikusanya pale chini palipokatwa, na mizizi huchomoza hapo. Ute wa alovera ni msaada tu juu ya kazi hiyo.

Hatua ya 1. Chukua shina linalotambaa chini au linalopanda mti. Usichukue matawi ya pembeni yanayozaa: hata yakiota mizizi, yatakupa kichaka kifupi kisichopanda mti kamwe. Kata asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Hatua ya 2. Kila kipande kiwe na vifundo viwili au vitatu. Chini kata mshazari, juu kata sawasawa, ili usije ukapanda kichwa chini. Acha jani moja la juu, ulikate nusu lisipoteze maji mengi. Kitazame kifundo kwa karibu: utaona vijizizi vifupi kama mswaki uliochakaa, vile vinavyoshika mti. Hicho ndicho kifundo cha kufukia.

Hatua ya 3. Kata jani nono la alovera, lisimamishe kwenye kikombe dakika 15 utomvu wa njano uchuruzike. Menya, kwangua ute mweupe, uponde. Chovya ncha ya chini na upande papo hapo. Ute huo una asidi ya salisiliki, kemikali inayosaidia mmea kujikinga na magonjwa, na hufunika kidonda kisikauke. Tumia wa siku hiyo hiyo, wa jana huchacha.

Hatua ya 4. Panda kwenye kiriba chenye mchanga, udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa. Weka kivulini, funika kwa nailoni, mwagilia kidogo kidogo. Ngoja wiki 6 hadi 8.

Nakuombeni sana, viriba 20 vipandeni na ute na 20 bila ute, muone wenyewe kwenye udongo wenu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Maji ya majani ya mlonge nayo si yanakuza?

Marahaba mdogo wangu. Yanakuza, lakini mlonge una zeatini, ambayo ni ya kundi la saitokinini, yaani homoni za machipukizi. Mwaka 1957 wanasayansi Skoog na Miller walionyesha kwamba oksini ikizidi saitokinini hutoka mizizi, na saitokinini ikizidi hutoka machipukizi. Kwa hiyo subiri mizizi ishike kwanza, ndipo unyunyize majani: sehemu 1 ya juisi kwa sehemu 30 za maji.

Na maji ya dafu?

Dafu lina oksini na saitokinini zote mbili, na lina sukari inayoita ukungu. Mimi kwenye vipandikizi siliweki.

Vyangu vimechipua majani mawili, wiki ya tatu vikafa. Nimekosea wapi?

Pole sana. Majani hayo yalikula akiba ya shina kabla mizizi haijatoka, ukadhani vimeshika. Huenda pia ulifunua nailoni mapema. Usihesabu majani. Inua kiriba utazame matundu ya chini. Ukiona ncha nyeupe zinachungulia, ndipo uanze kufunua, nusu saa jioni kwa siku za kwanza.

Mama yangu anapanda mihogo, nimchovyee pingili zake kwenye ute?

Hapana, mwambie asihangaike. Pingili ya muhogo ina akiba ya kutosha. Mchagulie tu zilizokomaa zisizo na ugonjwa wa batobato.