Kusoma hali ya hewa ukijifunza kurusha ndege Wilson, anza na hesabu ya futi

Wengi wakianza masomo ya urubani hapo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wanashika kitabu cha hali ya hewa wanakariri majina ya mawingu yote, mtihani wanapita vizuri tu, alafu siku instrakta anawauliza "leo tunaenda ama hatuendi?" wanaanza kuangalia simu. Shida si akili. Vitabu vingi tunavyosomea viliandikiwa watu wanaoruka karibu na usawa wa bahari na sisi tunaanzia futi 5,536 juu ya bahari, na hiyo namba moja inabadilisha karibu kila kitu utakachosoma. Kwa hivyo nitaeleza nikianzia hapo.

Tuseme asubuhi umepata METAR (ripoti fupi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege) ya JKIA inasema hivi:

HKJK 120600Z 06008KT 9999 BKN018 19/14 Q1023

HKJK ndo JKIA yenyewe, 12 ni tarehe, 0600Z ni saa ya Zulu, yaani saa moja inayotumika na marubani dunia nzima (UTC). Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna njia fupi sana: chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza tatu, umemaliza. Saa tatu asubuhi ni 0600Z, saa nane mchana ni 1100Z. Usipitie kwanza saa ya Kizungu ndo uanze kutoa, hapo ndo watu huchanganyikiwa.

06008KT ni upepo unaotoka nyuzi 060 kwa noti 8 (maili 8 za baharini kwa saa), unatoka, si unaenda, hilo lishike mapema. 9999 ni kuona kilomita 10 ama zaidi. Q1023 ni presha ya hewa, hiyo unaweka kwa altimita, saa inayokuonyesha urefu.

Sasa BKN018, na hapa tafadhali soma polepole. BKN maana yake wingu limefunika sehemu tano hadi saba kati ya nane za anga (FEW ni moja ama mbili, SCT tatu ama nne, OVC ni zote nane). 018 ni futi 1,800. Lakini futi 1,800 kutoka wapi? Kutoka uwanja wa ndege, si kutoka baharini. Milima kwenye ramani yako imepimwa kutoka baharini. JKIA iko kama futi 5,330, ongeza 1,800, tumbo la wingu liko kama futi 7,130. Kilele cha Ngong kiko mita 2,460, yaani zaidi ya futi 8,000. Kwa hivyo hilo wingu ambalo ukisimama Wilson unaliona liko juu vizuri, kule Ngong limemeza futi kama 900 za juu za vilima. Na Wilson yenyewe iko juu ya JKIA kwa futi kama 200, kwa hivyo hata zile 1,800 kwako zimebaki 1,600. Hii hesabu ifanye kila siku kwa kalamu, hata siku ambayo unafanya sakiti (kuzunguka uwanja na kutua tena) peke yake na huendi popote, mpaka ikae kichwani.

19/14 watu huiruka na ndo ninayoipenda kuliko zote. Ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni joto ambalo hewa ikipoa kufikia hapo unyevu unaanza kugeuka matone, yaani umande ama wingu. Toa moja kwa nyingine, hapa ni 5, zidisha kwa 400, unapata futi 2,000, ndo makadirio ya mahali mawingu ya kumulasi, yale ya mafungu kama pamba, yataanzia. Si sahihi kabisa lakini inakupa picha. Tofauti ikiwa moja ama sifuri tegemea ukungu. Na ukiona inapanuka kila saa, 5, alafu 7, alafu 10, jua linafanya kazi yake na wingu linapanda, hiyo ni habari nzuri.

Mwezi wa saba na wa nane hapa Nairobi hiyo ndo hadithi ya kila asubuhi. Wingu la kijivu limelala chini, baridi, hakuna mvua ya maana, na wanafunzi wamekaa kwa madawati wakisubiri. Mara nyingi linaanza kupasuka saa nne saa tano. Msilazimishe. Sheria za kuruka kwa macho zinataka uone kilomita 5, ukae mita 1,500 pembeni mwa wingu na futi 1,000 juu ama chini yake, na kama wingu lenyewe liko futi 1,000 juu ya uwanja hesabu inajieleza.

Baridi hiyo hiyo ya mwezi wa saba ndo inaleta barafu kwa kabureta. Mtu anaona nyuzi 14 anasema hapa hakuna barafu, lakini hewa ikipita kwa kabureta inapoa sana, na kama ina unyevu mwingi barafu inajijenga ndani. Kwa ndege yenye propela isiyobadilika utaona RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka pole pole bila wewe kugusa kitu. Vuta kabureta hiti (kidhibiti kinachoingiza hewa moto kwa kabureta) yote, injini inaweza kutetemeka kidogo barafu ikiyeyuka, usiogope ukairudisha, subiri RPM ipande.

Joto nalo lina mambo yake. Mwezi wa pili mchana, nyuzi 26, Q1023. Presha imezidi 1013, ile ya kawaida, kwa 10, kila moja ni kama futi 30, kwa hivyo toa 300 kwa 5,536, unabaki na kama 5,240. Kwa urefu huo hewa ya kawaida ingekuwa nyuzi 4 na nusu, leo imezidi kwa 21 na nusu, zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi, ongeza, unafika karibu 7,800. Yaani ndege inajisikia kama iko karibu na kilele cha Ngong na magurudumu bado yako kwa lami. Itakimbia muda mrefu kabla ya kuinuka, itapanda pole, na mikscha (kiasi cha mafuta yanayochanganywa na hewa) lazima uipunguze vile kitabu cha ndege kinasema. Ukiweza kuruka saa moja asubuhi usingoje saa saba.

Mvua za masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, na za vuli, wa kumi hadi wa kumi na mbili, ndo msimu wa mawingu ya radi. Asubuhi inaweza kuwa safi kabisa na alasiri CB, kifupi cha hayo mawingu ya radi, zimesimama upande wa Bonde la Ufa. Ukiona CB kwa METAR ama kwa macho, usipite chini yake hata kama unaona mwangaza upande ule mwingine, hewa inayoanguka kutoka pale ina nguvu kuliko injini yako. Zunguka mbali, maili 20 kama ni kubwa, ama rudi.

Upepo wa mashariki ukipiga Ngong unapanda upande wa mji na kushuka upande wa bonde, kwa hivyo ukirudi nyumbani kutoka Magadi, kule bondeni, unakutana na hewa inayokusukuma chini kabla tu ya mlima. Pata urefu wako mapema ukiwa bado mbali, na ukaribie kwa pembe ya nyuzi 45 ili kugeuka iwe rahisi.

Siku moja tukiwa na instrakta tulitoka Magadi, bonde lote jua kali, na mbele yetu Ngong haipo, ni ukuta mweupe tu. Aliniuliza wingu liko wapi nikapiga hesabu kwa goti, tukageuza, tukatua tena Magadi tukakaa chini ya bawa kwa joto karibu masaa mawili. METAR iliyofuata ilisema 24/12. Kumi na mbili mara 400 ni 4,800, ongeza 5,330, wingu limepanda hadi futi 10,130, toa 1,000 za sheria, tunaweza kupita kwa 9,100. Tukawasha injini.