Somo: Namna ya kuchagua DAC na amplifaya ya hedifoni ya mezani kwa bei nafuu

Swali la DAC na amplifaya ipi inunuliwe kwa fedha kidogo limeulizwa hapa mara nyingi mno, na majibu yake yametawanyika hata yanapingana. Naandika utaratibu wote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. DAC hugeuza namba za faili la muziki kuwa umeme wa sauti, na amplifaya huupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Vifaa kama FiiO K7 na iFi Zen DAC vina vyote viwili ndani ya boksi moja.

Hatua ya 1. Kama kompyuta yako inazipa hedifoni sauti ya kutosha, bila mvumo wala mkwaruzo, tunza fedha zako.

Hatua ya 2. Soma takwimu za hedifoni kabla ya kutazama amplifaya yoyote. Zinazohitajika ni mbili: ukinzani, unaopimwa kwa ohmu, na usikivu, yaani desibeli zinazotoka kwa miliwati 1. Beyerdynamic DT 990 Pro ya ohmu 250 hutoa desibeli 96, kwa hiyo ili vilele vya muziki, yaani sehemu zenye sauti kubwa kabisa, vifike desibeli 110 inahitaji miliwati 25 hivi, ambazo kwa ukinzani huo ni volti 2.5. Audio-Technica ATH-M50x, yenye ohmu 38 na desibeli 99, hufika hapohapo kwa volti 0.7. Ndiyo maana kiunganishi kidogo cha Apple cha USB-C cha kuchomekea hedifoni, ambacho toleo lake la Marekani hutoa takriban volti 1, kinamtosha mwenye ATH-M50x lakini hakimfikishi mwenye DT 990.

Hatua ya 3. Ukinzani wa tundu la amplifaya linalotoa sauti usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kanuni hii ilienezwa mwaka 2011 na mhandisi aliyejiita NwAvGuy, yule aliyetoa bure mchoro wa amplifaya ya O2.

Hatua ya 4. Usilipie tarakimu kubwa za DAC. CD ni biti 16 (usahihi wa kila kipimo cha sauti) na kilohezi 44.1 (vipimo 44,100 kwa sekunde), na DAC yoyote iliyotengenezwa vizuri inazimudu bila taabu.

Hatua ya 5. Adapta ya umeme. Hapa naomba usome taratibu. Amplifaya kama JDS Labs Atom na Schiit Magni zinatoka Marekani, ambako umeme wa ukutani ni volti 120, nazo huja na adapta nzito yenye transfoma ndani, tofauti kabisa na chaja ya simu inayokubali volti 100 hadi 240. Ukiichomeka adapta ya namna hiyo kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, transfoma huvuta umeme kupita kiasi, huchemka na kuungua, na kabla haijafa inaweza kupeleka karibu mara mbili ya volti zinazotakiwa ndani ya amplifaya. Plagi ya kubadilishia inayouzwa madukani hubadili umbo la miguu tu. Haipunguzi volti hata moja. Kwa hiyo igeuze adapta usome kibandiko chake: palipoandikwa INPUT pakiwa na 120V 60Hz peke yake, usiichomeke. Kisha tazama palipoandikwa OUTPUT, kwa sababu amplifaya hizi hutaka AC, umeme unaobadili mwelekeo, wenye alama ya wimbi (~), na adapta ya ruta, hata ikiingia vizuri kwenye tundu, hutoa DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu. Usijaribu. Agiza toleo la volti 230 tangu mwanzo, hasa unaponunua kifaa kilichotumika.

Hatua ya 6. Washa ukiwa kwenye geini (kiwango cha ukuzaji wa sauti) ya chini, kitufe cha sauti kikiwa sifuri, na hedifoni zikiwa mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina laki tatu, ipi ni nzuri?
Jibu: Hujataja hedifoni. Rudi hatua ya 2.

Swali: Sijasoma yote, ila rafiki yangu anasema bila biti 32 hakuna muziki.
Jibu: Soma yote. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, na chumba cha kawaida chenye feni hakikuachii uisikie nafasi hiyo yote. Hatua ya 4 sikuiandika kwa kubahatisha.

Swali: Samahani, kwa nini watengenezaji wanang'ang'ania AC wakati vifaa vingine vyote vinatumia DC?
Jibu: Swali zuri sana. Umeme wa sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, kwa hiyo saketi hufanya kazi kwa urahisi ikiwa na njia mbili za umeme, moja chanya na moja hasi. AC nayo hupanda na kushuka vivyo hivyo. Diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) moja ikichukua nusu ya juu na nyingine nusu ya chini, unapata njia zote mbili kwa vipuri vichache vya bei ndogo. Ukiwa na multimita, pima kati ya kila njia na sifuri, utaziona zote mbili.

Swali: Nikichomeka chaja ya laptopu, mvumo unaanza.
Jibu: Ni mzunguko wa ethi, yaani umeme unaozunguka kwenye waya za ethi, kati ya chaja na amplifaya. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Usipokoma, na kama kompyuta na DAC zina tundu la optiki, tumia waya wa optiki, kwa kuwa hupitisha mwanga badala ya umeme.

Swali: Kiunganishi cha Apple kwenye simu yangu ya Android kinatoa sauti ndogo mno. Ni kibovu?
Jibu: Si lazima. Simu nyingi za Android hukiacha kwenye kiwango cha chini cha sauti. Kijaribu kwenye kompyuta kwanza. Kikitoa sauti ya kutosha huko, tumia programu ya USB Audio Player Pro kwenye simu.

Swali: DT 990 zangu za zamani zimepoteza besi. Nibadilishe DAC?
Jibu: Badilisha mito ya masikio. Ikishabonyea, spika husogea karibu na sikio na sauti hubadilika kuliko DAC yoyote itakavyoibadilisha. Mito ya modeli hiyo huuzwa peke yake, na huvuliwa kwa mkono.